Bi Mkubwa Alipokwenda Dali

Kila mzigo mpya wa chupa za chai ulipoingia dukani, Bi Mkubwa alichukua chupa moja bila kuchagua, akaijaza maji yanayochemka, akaifunga na kuiweka kwenye rafu iliyo karibu na kiti chake. Baada ya sala ya alasiri aliifungua, akamimina maji kikombeni, akayanywa. Hakuyaonja tu. Aliyanywa yote hivyo hivyo, bila majani wala sukari, macho yakitazama mlango. Akimaliza alisema "Hii inauzika," au alisema "Hizi rudisheni," na hakuna aliyewahi kumbadilisha mawazo. Nilifanya kazi kwake miaka sita, kwenye duka la jumla la vyombo na mablanketi huko Al Baraha, Dubai, na sikumwona hata mara moja akiamini neno la muuzaji.

Sote tulimwita Bi Mkubwa: mimi, wateja waliotoka Mombasa na Kampala kununua bidhaa, hata Mwarabu mwenye jengo. Jina lake nililijua kwa kuwa liliandikwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Sikuwahi kulitamka mbele yake, na hapa sitaliandika.

Alikuwa mfupi, mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi ili isianguke. Aliishi ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo na hakupanda lifti. "Nikitaka kufungiwa nitakwenda jela," alisema. Alipanda ngazi taratibu na kupumzika ghorofa ya pili, ambako jirani mmoja wa Kipakistani alimwekea kigoda. Alikaa pale dakika tano, kama mtu anayesubiri basi, kisha akaendelea.

Kiswahili changu kilimuudhi. Mimi natoka Kinangop, kwenye baridi na kabichi. Siku yangu ya kwanza nilimwambia mteja, "Ngoja kidogo nikuletee hiyo kitu." Bi Mkubwa aligeuka kitini.

"Hicho kitu," alisema. "Nyinyi watu wa bara mnakisema Kiswahili kama mnapasua kuni."

Wateja walicheka. Tangu hapo alinisahihisha kila saa, mbele ya yeyote. Hata siku niliyoshikwa na homa, nikamwambia, "Bi Mkubwa, kichwa inaniuma," alisema kwanza "kinaniuma," kisha akapanda ngazi mwenyewe kuniletea dawa.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akija na uso wa masikitiko alimwambia, "Usiniletee huruma, niletee chai." Jambo likiharibika, meli ikichelewa, kontena likifunguliwa na nusu ya sahani zimevunjika, alisema, "Khalas, limeshakuwa." Wengine hulisema hilo ili wajitulize. Yeye alilisema kama anafunga mlango kwa ufunguo.

Ijumaa alipika pilau ya sufuria kubwa na kuwalisha watu wa kwetu: walinzi wa Kiganda, wasichana wa kazi wa Kikenya waliopata mapumziko, mabaharia wa Kizanzibari. Hakukaa kula nao. Alisimama kwenye jiko la nyuma ya duka na mwiko mkononi, akiuliza nani hajapata nyama. Na huyo huyo aliyewalisha watu asiowajua hakuniruhusu kukaa kitini mteja akiwa dukani, hata miguu ikiwa imevimba. Nilijaribu kwa muda mrefu kujua yupi kati ya wale wawili ndiye mwenyewe. Baadaye niliacha.

Pasi yangu ya kusafiria ilikaa kwenye kasha lake la chuma. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wetu, na hatukuuliza sana. Mwaka wangu wa pili, kaka yangu alinipigia simu asubuhi akaniambia mama amefariki. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Bi Mkubwa. Alikuwa akikunja blanketi.

"Bi Mkubwa, mama yangu amefariki. Naomba niende nyumbani."

Aliacha kukunja. "Inna lillahi," alisema. "Wanazika lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Wiki nzima?" Alinitazama kama nimetukana. "Maskini maiti. Kwa nini wasimsitiri?"

Nilimweleza kwamba kwetu marehemu husubiri, ili walio mbali wafike. Kwao mtu huzikwa siku ile ile. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imekaribia na duka lilikuwa limejaa mizigo mpaka dari.

"Utakwenda kuangalia nini, mwanangu? Udongo?" alisema. "Kaa. Kazi itakushika."

Sikulia. Nilishika upande wa pili wa blanketi, tukalikunja pamoja. Jumamosi ile, saa waliyokuwa wakimzika mama, nilikuwa ghalani napanga sinia kwa ukubwa wake. Bi Mkubwa alituma kwetu mablanketi kumi na mawili kwa ajili ya waombolezaji, bila kuniambia. Yalifika baada ya mwezi, waombolezaji wakiwa wameshatawanyika. Kaka yangu alinipigia kunishukuru, akidhani ni mimi. Sikumkatalia.

Kuanzia hapo kitu fulani ndani yangu kilinyamaza. Nilikula, nilifanya kazi, nilicheka palipochekesha, lakini nilijiona kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha jirani.

Bi Mkubwa alikuwa mjane, na alikuwa na mabinti wawili walioolewa na mtoto wa kiume mmoja, wa mwisho, aliyekuwa akisomea udaktari China. Hakuwa katika miji mikubwa ambako wafanyabiashara wetu hununua bidhaa. Alikuwa ndani kabisa, mkoa wa milima, katika mji wa kale uitwao Dali. Alipiga simu kila Ijumaa baada ya pilau. Mama yake alizungumza naye kwa kupiga kelele, kana kwamba sauti ndiyo iliyopaswa kuvuka masafa yote yale. "Umekula? Nini? Tambi tena? Tambi si chakula!" Duka zima lilisikia.

Msimu mmoja wa mvua, basi lililokuwa limebeba wanafunzi liliteleza kwenye barabara ya mlimani. Yeye na wenzake wawili hawakutoka. Habari zilimfikia kwanza shemeji yake Bi Mkubwa, ndugu wa marehemu mumewe, kwa sababu namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi za chuo. Waislamu wa mji ule waliuliza kama wamzike, naye akawaruhusu. Kesho yake asubuhi alikuja dukani, akasimama kati ya mablanketi na ndoo, akamweleza Bi Mkubwa yote. Mwisho akasema, "Tumeshamsitiri."

"Nani nyinyi?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Waislamu wa huko."

Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Khalas," alisema.

Siku ya nne alifungua duka. Watu walikuja kumpa pole, akawapa chai. Hakulia mbele yetu. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka nyuma ya rafu, na nitasema kweli: niliitafuta huruma moyoni nikaikosa. Nilitafuta na furaha pia, ile mbaya, ya mtu aliyeonewa. Nayo haikuwepo. Nilimpelekea vikombe, nikavirudisha, nikaviosha.

Ijumaa zilizofuata aliendelea kupika. Simu ilikuwa pale pale jikoni, karibu na friji. Saa ile ikifika, yeye mwenyewe alizidisha kelele za sufuria.

Ilipita miaka miwili. Asubuhi moja ya baridi alifungua kasha la chuma, akanipa pasi yangu.

"Ikae kwako," alisema. "Tunakwenda China kutazama mzigo. Nataka mtu wa kunishikia mkoba."

Wakala wa viza alimaliza kazi yake kwa wiki mbili. Tulifika Guangzhou, tukazunguka masoko kwa siku mbili. Bi Mkubwa alishika chupa, aligonga sufuria, alivuta nyuzi za mablanketi, lakini hakununua kitu. Siku ya tatu, tukinywa chai hotelini, alisema, "Kuna mahali nataka kufika." Nilijua ni wapi. Aliongeza, "Shemeji anasema mwanamke haendi kaburini. Ndiyo maana nimekuja kutazama mzigo."

Tulipanda ndege nyingine mpaka Kunming, halafu basi, mwendo wa saa tano, kati ya milima. Mimi nilikaa dirishani. Yeye aliweka mikono mapajani, akaitazama nguo ya kiti cha mbele mwanzo mpaka mwisho. Palipokuwa na kona kali alishika mkono wangu, na kona ikipita aliuachia.

Dali imekaa kati ya mlima na ziwa. Mlima uko magharibi, mrefu, kilele chake kina theluji, na mawingu yanakaa katikati yake kama mtu amejifunga mshipi. Ziwa liko mashariki, refu, maji ya samawati yanayong'aa hadi macho yanaumia. Mji wenyewe una ukuta wa kale na lango kubwa lenye paa lililopinda ncha. Nyumba ni za kuta nyeupe zilizochorwa maua na ndege kwa wino, vigae vya kijivu, na kando ya njia kuna mifereji ya mawe ambamo maji ya mlimani yanapita kwa kasi. Niliposhuka kwenye basi, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa harufu ya moshi wa kuni na udongo wenye baridi. Wanawake walipita na vikapu mgongoni, vimejaa kabichi. Mmoja alikuwa amemwaga viazi juu ya gunia, anauza. Nilisimama pale. Ilikuwa Kinangop. Miaka mingi sikuwa nimeiona, na nilikuwa nimeikuta China.

Nilingoja nihisi jambo. Sikuhisi lolote ila vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi.

"Twende," alisema Bi Mkubwa.

Watu walitutazama. Si kwa ubaya. Mwanamke mnene aliyevaa baibui na koti la mwanamume juu yake, na Mwafrika mrefu anayeburuta sanduku: walikuwa na haki ya kutazama. Mama mmoja aligusa nywele zangu, akacheka, akanipa chungwa. Wasichana wawili waliomba kupiga picha nasi. Bi Mkubwa alisimama akapigwa picha, uso umetulia, kama anayepigwa picha ya pasi.

Alikuwa na karatasi yenye jina la msikiti. Tuliionyesha kwa watu, wakatuelekeza kwa vidole, mpaka tukafika kwenye mgahawa mdogo wenye kibao cha kijani kilichoandikwa "halal" kwa herufi za Kiarabu. Ndani, mwanamke wa makamo aliyefunga mtandio mweupe alikuwa akimimina mchuzi. Alituona, akaweka upawa chini. Alizungumza Kiarabu cha madrasa, polepole, kila neno kamili. Bi Mkubwa alijibu kwa Kiarabu cha Dubai. Mimi nilikuwa nimejifunza cha kutosha dukani kuwafuata.

"Wewe ni mama yake," alisema yule mwanamke.

"Ndiyo."

Hakuuliza mama wa nani, wala hatukuuliza amejuaje. Alitukalisha, akaleta bakuli mbili za tambi za nyama, akakaa mbele ya Bi Mkubwa, akamshika mkono.

"Alikuja kila Ijumaa. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Tulikuwa tunasubiri aje atuigizie."

"Awaigizie nini?"

"Wewe. Ulivyokuwa ukipiga kelele kwenye simu. Alisimama katikati hapa, akashika simu mbali na sikio, akasema maneno yenu. Hatukuyaelewa, lakini mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Alituambia hakuna mtu Dubai nzima anayechekesha kama mama yake."

Bi Mkubwa alinigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Amesema mimi?"

"Amesema wewe, Bi Mkubwa."

"Nimemchekesha nani mimi?" Alichukua kijiko, akakizungusha ndani ya bakuli. Aliuliza hivyo kweli, kama mtu anayeulizia kitu alichopoteza. "Njeri, mimi nachekesha?"

Nilifikiri kuhusu kuni zinazopasuliwa, na jela, na tambi ambazo si chakula. "Ndiyo," nilisema.

Hakula zile tambi. Hakuziacha pia. Alizikata vipande vidogo vidogo mpaka zikapoa.

Kesho yake asubuhi yule mwanamke na mumewe walitupeleka kaburini. Ni juu, nje ya mji, mlima unapoanza kupanda. Njia ilipita kati ya mashamba ya maharage, kisha ikawa ya mawe. Bi Mkubwa alipumzika mara nne. Makaburi yalikuwa mengi, ya zamani na mapya, na lake lilikuwa na jiwe lililoandikwa Kichina upande mmoja na Kiarabu upande mwingine. Mume wa yule mwanamke alisoma dua. Sauti yake ilipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dubai nilimwona Bi Mkubwa akisikia maneno anayoyajua kwa moyo. Midomo yake ilifuata.

Wale wawili walitupisha, wakasimama mbali. Bi Mkubwa alichuchumaa, akang'oa majani yaliyoota pembeni, moja moja, akayapanga mahali pamoja. Akalifuta jiwe kwa ncha ya mtandio. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, natazama ziwa, ili asijione anatazamwa.

"Njeri. Njoo."

Nilichuchumaa kando yake.

"Mama yako aliitwa nani?"

Miaka yote ile hakuwa ameuliza. "Wambui," nilisema.

Aliinua viganja. Alimwombea mtoto wake, na katikati ya dua, baina ya jina la mtoto na "amin", nilisikia jina la mama yangu, limetamkwa vizuri, bila kukosea herufi. Kisha alishusha mikono. Hakunitazama.

"Siku ile," alisema, "ningekuachia uende."

Upepo ulikuwa ukitoka mlimani. Nilijua ananiambia nini, na nilijua kwamba jambo kama lile hatalirudia. Lilikuwepo jibu la mtu mwema. Nililiona kabisa, kama kitu kilicho juu ya rafu. Mdomo wangu ukasema, "Khalas, Bi Mkubwa. Limeshakuwa."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama anayethibitisha hesabu ya mwingine kuwa ni sahihi. Nilimpa mkono, akainuka. Tulishuka. Chini, sokoni, alisimama kununua machungwa na akapatana bei kwa vidole na muuzaji mpaka yule bibi akacheka. Mchana ule ule tulipanda basi.

Hatukulizungumzia tena. Sikutaka kulipiza kisasi kwa neno lile. Ningependa niseme nililisema kwa hasira, kwani hasira ingeeleweka. Nililisema kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Miaka miwili baadaye nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja Deira, nikamuaga. Pasi ilikuwa mkononi mwangu, sikuhitaji kuomba. Alinipa blanketi jipya lenye maua na kuniambia huko hotelini nisiseme "hiyo kitu".

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Mirdif, kwa binti yake mkubwa. Ulikuwa ule wakati ambapo kazi za ujenzi zilikuwa zimesimama Dubai nzima na watu wengi wamerudishwa kwao. Duka lilikuwa limeuzwa. Nilimkuta sebuleni, miguu juu ya stuli, televisheni imewashwa bila sauti. Alikuwa amepungua mwili, na miwani haikumsaidia sana. Msichana wa kazi, Mganda, alituletea kahawa na tende, akatuacha.

Aliniuliza habari za kwetu, nikamwambia. Nilimuuliza habari za afya, akasema dawa ni nyingi kuliko chakula.

"Ule mji ulikuwaje?" aliuliza.

"Mji upi, Bi Mkubwa?"

"Mji wake." Alikuwa akitazama televisheni. "Wajukuu wananiuliza, bibi, China uliionaje, nami sina la kuwaambia. Nilikwenda, lakini sikuona kitu. Baridi naikumbuka. Njia sina, nyumba sina, hata lile ziwa sina. Wewe ulikuwa ukitazama. Nilikuona unatazama. Hebu nihadithie."

Nilianza vibaya, kama mtu anayesoma karatasi. Lango kubwa. Paa lililopinda. Mifereji ya mawe. Alikuwa akisikiliza kichwa kimeinama.

"Maji yanapita njiani?"

"Kando ya njia. Unayasikia popote unapotembea. Wanawake wanaosha mboga humo."

"Na ziwa liko upande gani?"

"Mashariki. Ukisimama pale kaburini, unaliona lote chini yako."

"Yeye kaelekezwa kibla," alisema, akihesabu pande kwa mkono. "Kibla huko ni magharibi. Basi ziwa liko mgongoni kwake."

"Mgongoni kwake. Na mlima uko mbele."

"Ehe."

Sauti yangu ilikuwa imeanza kutetemeka, na sikujua imetoka wapi, baada ya miaka yote ile. Nilimweleza mlima na theluji yake, na kabichi, na mama aliyenipa chungwa, na nilivyosimama nikadhani nimefika kwetu. Nilitaka kumpa zaidi ya nilivyokuwa navyo. Nikasema, "Na pale juu ya kaburi kuna mti, Bi Mkubwa. Mti mkubwa, unampa kivuli."

Aliinua uso akanigeukia.

"Hapana mti pale," alisema. "Pana majani na mawe, na kaburi la mzee mwengine mkono wa kushoto, jiwe lake limepasuka hapa. Mti hapana."

Niliona haya. Nilishika kikombe cha kahawa ambacho kilikuwa kitupu. Yeye alivuta mtandio, akaegemeza kichwa kwenye mto, akafumba macho.

"Lakini endelea," alisema. "Rudi pale langoni. Tumeshashuka kwenye basi. Tunaingia mjini, wewe na mimi. Kisha?"

Nilisogeza kiti karibu yake, nikaanza upya, langoni.